Vikapu Kumi na Viwili: Usharika na Mabaki ya Sikukuu Zake

Mada iliyotolewa mbele ya washarika na wageni wa dayosisi katika maadhimisho ya miaka mia moja ya usharika



Utangulizi

Katika siku hizi za shukrani mengi yamesemwa kuhusu yale ambayo Mungu ameutendea usharika huu kwa miaka mia moja. Yametajwa majengo, shule, wachungaji waliotoka katika familia za hapa, kwaya, na mitaa iliyokua hadi ikawa sharika kamili. Yote hayo yanastahili kuandikwa. Mada hii inahusu jambo ambalo kwa kawaida haliingizwi katika taarifa yoyote, yaani kile kinachobaki uwanjani baada ya watu kwenda nyumbani.

Yeyote aliyewahi kupita kanisani siku ya Jumatatu, baada ya Sikukuu ya Mavuno, kipaimara au tamasha la kwaya, anakifahamu. Chupa za plastiki zimetapakaa, nyingi zikiwa bado na maji nusu. Sahani za karatasi zimelowa mafuta ya pilau. Vifuniko vimekanyagwa vikazama udongoni, na vijiko vyeupe vimevunjika chini ya miti. Upepo umekwisha kupeleka sehemu yake hadi kwenye mfereji wa maji. Kina mama wawili au watatu wamekuja na fagio, kwa sababu hakuna mwingine aliyepangwa. Wanachokikusanya hupelekwa kwenye shimo nyuma ya jiko, hutiwa moto, na moshi wake mweusi hupita juu ya migomba ya jirani. Hivyo ndivyo sikukuu iliyoanza kwa Zaburi inavyomalizika.

Neno la mada hii ni moja. Sikukuu ya kumshukuru Mungu haijakamilika mpaka mabaki yake yamekusanywa, na kazi hiyo ni ya wale waliokula, kabla hawajatawanyika.

Msingi katika Neno la Mungu

Injili zote nne zinaeleza jinsi Bwana Yesu alivyowalisha watu wapatao elfu tano, na zote zinataja vikapu kumi na viwili vya mabaki. Lakini ni Yohana peke yake anayeeleza kwamba Bwana mwenyewe ndiye aliyeagiza vipande vikusanywe, akatoa na sababu yake: pasiwe na kitu cha kupotea (Yohana 6:12). Mambo matatu katika habari hiyo yanastahili kuangaliwa kwa makini.

Kwanza, amri ilitolewa watu walipokwisha kushiba. Kukusanya mabaki hakukuwa adhabu wala kazi ya wenye njaa. Kulikuwa ni tendo la mwisho la karamu yenyewe. Pili, amri hiyo walipewa wanafunzi, wale wale waliogawa mikate. Mikono iliyopewa heshima ya kugawa ndiyo iliyopewa kazi ya kuokota. Tatu, mabaki yalihesabiwa. Mwinjili hakuandika kwamba yalikuwa mengi tu, aliandika idadi. Tena aliyeagiza hayo ni Yeye ambaye angeweza kuongeza mikate mingine wakati wowote. Mwenye uwezo wa kuumba hakuona kuwa kilichoumbwa ni kitu cha kutupwa.

Marko anaongeza jambo jingine la maana kwa kila kamati ya maandalizi. Watu waliketishwa kwa makundi, mengine ya mia na mengine ya hamsini (Marko 6:39–40). Mkutano mkubwa uligawanywa hadi ukawa makundi ambayo watu wake waliweza kuonana na kuhudumiana. Utaratibu uliowezesha chakula kumfikia kila mtu huwezesha pia mabaki kukusanywa kutoka kwa kila mtu.

Agano la Kale nalo halikuliacha jambo hili. Taifa la Israeli lilipokuwa kambini, Sheria iliamuru kila mtu awe na kifaa cha kuchimbia na kufukia uchafu wake nje ya kambi, kwa sababu Bwana hutembea katikati ya kambi (Kumbukumbu la Torati 23:12–14). Usafi wa mkusanyiko haukuwekwa kwa ajili ya kuwapendeza wageni. Uliwekwa kwa sababu ya uwepo wa Mungu. Ikiwa uwanja wa kanisa ni mahali ambapo watu wa Mungu hukutana naye, basi hali ya uwanja huo Jumatatu asubuhi ni jambo la imani.

Martin Luther, katika Katekismo Ndogo ya mwaka 1529, alipoeleza sehemu ya kwanza ya Imani alitaja vitu vya kawaida kabisa: nguo na viatu, chakula na kinywaji, nyumba, shamba na mifugo. Vyote alivihesabu kuwa zawadi za Mungu asizostahili mwanadamu, na kwa ajili yake mwanadamu anadaiwa shukrani na utumishi. Kila kijana wa kipaimara katika usharika huu amejifunza maelezo hayo. Imebaki kuyapeleka kutoka darasani hadi uwanjani.

Yale waliyoyajua wazee

Wamisionari wa Leipzig walipofika Kilimanjaro mwaka 1893, walikuta watu ambao hawakuwa na neno la urejelezaji, lakini walikuwa na desturi yake. Jani la mgomba lilikuwa sahani, kifuniko cha chungu na mwavuli wa mvua. Lilipokwisha kutumika lilikwenda kwa ng'ombe. Maganda ya ndizi yalikwenda kwa ng'ombe na mbuzi, na samadi ya zizini ikarudi kihambani kuustawisha mgomba uliotoa lile jani. Maji yaliletwa na kibuyu, na mazao yalibebwa kwa kikapu kilichosukwa kwa mkono. Hakuna kilichotoka katika kihamba kisirudi.

Si haki kusema kwamba wazee hao walikuwa watakatifu kuliko watoto wao. Vitu walivyotumia vilioza vyenyewe, kwa hiyo hata mzembe hakuacha madhara ya kudumu. Jani la mgomba lililotupwa ovyo hugeuka udongo. Chupa ya plastiki iliyotupwa ovyo hubaki pale kwa miaka mingi, ikimeguka vipande vidogo visivyookoteka tena. Mkono wa kutupa ni ule ule wa zamani. Kilichobadilika ni kitu kinachotupwa, na hivyo desturi peke yake haitoshi tena. Unahitajika uamuzi.

Hata hivyo kuna jambo ambalo wazee walilifanya kwa uamuzi kamili, nalo ni msaragambo. Mifereji ilipojaa majani na udongo, kila nyumba iliyonywa maji yake ilitoa mtu wa kwenda kuisafisha, na asiyefika alitozwa faini. Hakuna aliyeuliza ni nani aliyeangusha majani. Swali lilikuwa ni nani anayekunywa maji. Mchungaji Bruno Gutmann, aliyefanya kazi Kilimanjaro kwa miaka mingi kati ya 1902 na 1938, aliandika sana kuhusu ukoo, ujirani na rika, akiviona kuwa ni vifungo ambavyo Mungu aliwapa watu ili waishi pamoja. Mfereji ni shule ya ujirani huo. Anayekaa juu yake anashika afya ya anayekaa chini.

Mfano mwingine uko karibu zaidi, na kila mtunza hazina anaujua. Ni kreti ya soda za chupa za kioo. Kreti moja ina chupa 24, na chupa isiporudi italipiwa. Kwa sababu hiyo, hata katika sherehe yenye watu wengi kiasi gani, huonekana mzee mmoja akizunguka chini ya viti na kati ya watoto akitafuta chupa moja iliyopungua. Mzee huyo hafanyi hivyo kwa kupenda mazingira kuliko wengine. Anafanya hivyo kwa sababu kuna mtu atakayemwuliza. Kinachoulizwa huhesabiwa, na kinachohesabiwa hukusanywa. Chupa ya plastiki haina anayeiuliza. Ndiyo maana imejaa mferejini.

Kinachotokea baada ya wageni kuondoka

Hesabu ndogo itaonyesha ukubwa wa jambo lenyewe. Ikiwa watu 1,000 wamekusanyika na kila mmoja amepewa chupa mbili za maji za nusu lita, usharika umenunua lita 1,000 za maji na chupa 2,000. Chupa tupu ya namna hiyo ina uzito wa gramu 10 hadi 20 hivi. Kwa hiyo zote pamoja zina uzito wa kilo 20 hadi 40. Ni mzigo ambao vijana wawili wanaweza kuubeba. Lakini zisipokanyagwa na kubanwa zinajaza zaidi ya mapipa matano ya lita 200. Wepesi wake huzifanya zichukuliwe na upepo, na ukubwa wake huzifanya zionekane hazibebeki. Maji yale yale lita 1,000 yangeenea katika simtanki moja ya kawaida, au katika madumu 50 ya lita 20, na mwisho wa siku pasibaki chupa hata moja.

Zinazochomwa huleta madhara ya aina yake. Moto wa shimoni hauna joto la kutosha kuunguza plastiki kikamilifu. Hutoa moshi wenye masizi na sumu, na kama kuna plastiki zenye klorini, kama vile mabango ya sherehe, hutoa pia dioksini, sumu inayotua kwenye majani na kuingia katika maziwa ya mifugo. Wanaoivuta kwanza ni wale kina mama wa fagio na watoto wanaokuja kutazama moto.

Zile zinazobaki chini hukusanya maji ya mvua, na mbu huzaliana ndani yake. Mbu anayeeneza homa ya dengi, iliyowasumbua wakazi wa Dar es Salaam mwaka 2014 na tena mwaka 2019, hupenda hasa maji machache yaliyotuama katika makopo, chupa na matairi. Mabaki ya chakula yaliyochanganyika na plastiki yakipelekwa zizini, ng'ombe huimeza plastiki pamoja na maganda. Tumbo lake haliwezi kuiyeyusha. Hujikusanya humo mwaka hadi mwaka, na mwenye ng'ombe huona tu kwamba mnyama wake anakonda. Kwa familia inayosomesha mtoto kwa maziwa ya ng'ombe mmoja, hiyo si hasara ndogo.

Na zile zilizoingia mferejini husafiri. Maji ya mteremko huu huingia katika mito kama Weruweru na Karanga, kisha Kikuletwa, hadi bwawa la Nyumba ya Mungu, na kutoka hapo mto Pangani huyapeleka mpaka Bahari ya Hindi. Njiani yanamwagilia mpunga na mboga za watu wengi, na wavuvi hutupa nyavu zao humo. Hao ni majirani ambao usharika haujapata kuwaona. Chupa zenye jina la sherehe ya kanisa zimekuwa zikiwafikia kabla Injili ya sherehe hiyo haijawafikia.

Serikali imekwisha kuchukua hatua zake. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inampa kila mtu anayeishi Tanzania haki ya kuwa na mazingira safi na salama. Mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku Tanzania Bara tangu tarehe 1 Juni 2019, baada ya Zanzibar kutangulia mwaka 2006, Rwanda mwaka 2008 na Kenya mwaka 2017. Wengi walidhani biashara isingewezekana bila mifuko ya rambo, lakini wanawake walirudia vikapu vyao, na soko liliendelea. Chupa hazikuwamo katika katazo hilo. Zimeachwa kwa dhamiri ya kila mtu na kwa utaratibu wa kila kundi.

Urejelezaji na mipaka yake

Urejelezaji ni kukichukua kitu kilichokwisha kutumika na kukifanya malighafi ya kitu kingine. Chupa ya maji huoshwa, husagwa, huyeyushwa, kisha hufanywa nyuzi za nguo, pamba ya kujazia mito, au chupa mpya. Kopo la alumini huyeyushwa na kuwa alumini tena, kwa kutumia takriban asilimia 5 tu ya nishati ambayo ingehitajika kuipata kutoka kwenye mawe ya madini. Hata kifuniko cha chupa kina njia yake. Plastiki yake ni ya aina nyingine, na huelea majini wakati vipande vya chupa vinazama, hivyo viwanda huvitenganisha kwa kuvitia katika beseni la maji.

Lakini yote hayo yanategemea jambo moja ambalo haliwezi kufanyika kiwandani, nalo ni kutenganisha mapema. Chupa tupu na safi ni mali. Chupa hiyo hiyo ikichanganywa na mchuzi, mifupa na karatasi zilizolowa, haina mnunuzi. Tofauti ya mali na taka hutengenezwa katika dakika moja, pale mtu anaposimama na sahani yake akitafuta mahali pa kuiweka. Akikuta chombo kimoja, ataweka vyote humo. Akikuta vyombo vitatu na kijana wa kumwelekeza, atatenganisha.

Inapasa pia kusema ukweli kwamba si kila kitu kinarejelezwa. Vyombo vyeupe vya povu vya kufungia chakula, mirija, vifuko vidogo vya vinywaji na karatasi zilizopakwa plastiki havina mnunuzi katika vijiji vingi. Kwa vitu hivyo dawa ni kutovinunua. Kwa hiyo utaratibu wa busara ni huu: kwanza kupunguza, pili kutumia tena, na tatu kurejeleza kile ambacho hakikuepukika. Kamati inayoanza na hatua ya tatu imeanza mwisho.

Heshima ya mgeni

Kuna kizuizi kimoja ambacho hutajwa kwa sauti ya chini katika vikao vya maandalizi, nacho ni heshima. Maji ya chupa iliyofungwa yamekuwa alama ya kumheshimu mgeni. Husemwa kwamba mgeni wa dayosisi akipewa maji katika bilauri, atajiona amedharauliwa, au atahofia afya yake. Hofu ya pili ina msingi, na jibu lake ni maji yaliyochemshwa vizuri na kuhifadhiwa katika chombo safi chenye bomba, pamoja na bilauri zilizooshwa kwa sabuni na kusuuzwa. Akina mama wa usharika huu wanajua kufanya hivyo kuliko kiwanda chochote.

Hofu ya kwanza haiwezi kuondolewa na wenyeji peke yao. Ni wageni tu wanaoweza kuiondoa. Kwa hiyo inaombwa kwa unyenyekevu mkubwa, mbele ya Baba Askofu na viongozi wote, kwamba meza kuu iwe ya kwanza kunywa kwa bilauri. Siku ambayo mshereheshaji atatangaza kwamba viongozi wenyewe wameomba hivyo, hakuna kamati itakayoona aibu tena. Heshima ambayo mgeni huikumbuka ni kupokewa kwa jina, kukaribishwa kivulini, na kupewa chakula cha moto. Chupa anaiacha mezani ikiwa na maji nusu.

Jambo hili si geni kwa dayosisi. Askofu Dkt. Fredrick Shoo, aliyepata kuwa Mkuu wa KKKT, amejulikana hata nje ya nchi kwa jina la Askofu wa Miti, na vijana wa kipaimara wamekuwa wakipanda miti kama sehemu ya malezi yao ya Kikristo. Mwaka 2017, Fungamano la Makanisa ya Kilutheri Duniani lilipokutana Windhoek, Namibia, katika mwaka wa 500 wa Matengenezo, mojawapo ya maneno yaliyoongoza mkutano ule lilikuwa kwamba uumbaji si kitu cha kuuzwa. Na vijana wa sharika hizi wanaofanya kazi ya upagazi mlimani wanajua kwamba takataka za safari sharti zishuke pamoja na wasafiri, nazo hupimwa kwa mizani. Kinachowezekana kwenye baridi ya Kibo hakiwezi kushindikana katika uwanja wa kanisa.

Fungu la mwokota chupa

Pakiwa na mali, swali la mgawanyo hufuata. Chupa zikikusanywa, ni nani atakayeziuza? Umoja wa Vijana unaweza kusema fedha hizo zinunue vyombo vya muziki. Kwaya inaweza kusema zinunue sare. Hayo ni mahitaji halali. Lakini yuko mtu mwingine ambaye hayumo katika kikao. Ni mwokota chupa, ambaye hupita nje ya uzio akiwa na kiroba begani na kungoja watu waondoke. Mara nyingi ni mjane, au mzee asiye na shamba, au kijana aliyekosa kazi. Kwake kilo kumi za chupa ni chakula cha nyumbani. Amekuwa akiusafisha uwanja wa kanisa bila kutajwa katika matangazo yoyote, na mara nyingine amefukuzwa getini kama mwizi.

Sheria ya Musa ilimkataza mwenye shamba kuvuna mpaka kwenye pembe, au kurudi kuokota masazo. Hayo yalikuwa ya maskini na mgeni (Walawi 19:9–10). Boazi alikwenda mbali zaidi. Aliwaagiza watumishi wake wamwachie Ruthu masuke kwa makusudi, wala wasimwaibishe (Ruthu 2:15–16). Kwa Neno hilo, usharika unaokusanya chupa ili kushindana na mwokota chupa umeijua njia ya kutunza mazingira na kuisahau njia ya Boazi. Faida ya usharika ni uwanja safi, mfereji safi na dhamiri safi. Fedha ya chupa ingefaa iwe pembe ya shamba. Chupa zitenganishwe zikiwa safi, zifungwe katika viroba, na mwokota chupa aitwe kwa jina lake, aingie kwa lango kuu, achukue fungu lake mchana, naye apewe sahani ya chakula kama mgeni mwingine.

Mapendekezo kwa usharika

Ili neno hili lisiishie katika kitabu cha kumbukumbu, Baraza la Wazee linaweza kuyapima mapendekezo yafuatayo.

Mosi, siku anapoteuliwa msimamizi wa chakula, ateuliwe pia msimamizi wa mabaki, mwenye jina, bajeti na nafasi ya kusema katika kikao. Kila kinachotaka kununuliwa kiulizwe swali moja: kikishatumika kitakwenda wapi? Kisicho na jibu kisinunuliwe.

Pili, usharika ununue kidogo kidogo sahani na bilauri zake, zitunzwe stoo, ziazimwe kwa harusi na misiba ya washarika. Jumuiya zinaweza kuombwa kila mshiriki aje na kikombe chake. Mabango yachapwe bila tarehe ili yatumike mwaka unaofuata. Kitenge cha jubilei, ambacho huvaliwa miaka mingi baada ya sherehe, ni kumbukumbu bora kuliko bango linalochomwa baada ya siku moja.

Tatu, karibu na mahali pa chakula viwekwe vyombo vitatu vyenye maandishi makubwa: kimoja cha chupa na makopo, kingine cha mabaki ya chakula na majani, na cha tatu cha taka zisizo na soko. Kila kituo kiwe na vijana wawili wa kipaimara pamoja na mzee mmoja wa kanisa, ili isionekane kuwa ni kazi ya watoto. Chakula kizima kilichobaki sufuriani kipelekwe mapema, kingali cha moto, kwa wazee na wagonjwa wasioweza kufika. Maganda na makombo yaende kwa mifugo na kwenye mboji, yakiwa hayana plastiki.

Nne, kabla ya baraka ya mwisho, mshereheshaji atoe dakika kumi. Kila jumuiya na kila kwaya isafishe mahali ilipoketi, kama yale makundi ya hamsini yaliyoketi majanini. Watu 50 wakiinama mara moja, uwanja husafika kabla wimbo haujaisha. Ndipo baraka itolewe.

Tano, mabaki yapimwe na yatangazwe. Jumapili inayofuata, pale sadaka ya wiki iliyopita inaposomwa, isomwe pia idadi ya kilo zilizokwenda kwa mwokota chupa na kiasi kilichokwenda shimoni. Mwaka hadi mwaka kiasi cha shimoni kipungue. Wanafunzi walihesabu vikapu vyao, na usharika nao uhesabu vyake.

Hitimisho

Wapendwa katika Bwana, kitabu hiki cha miaka mia moja kitasomwa na watu ambao hawajazaliwa. Wataona picha za sherehe hizi, wataona nyuso za furaha na mavazi mazuri. Picha haitaonyesha kilichokuwa chini ya viti. Lakini udongo utaonyesha. Atakayechimba msingi wa jengo jipya, au kupanda mgomba kando ya mfereji, atakutana na yale ambayo kizazi hiki kilidhani kimeyatupa.

Waliouanzisha usharika huu waliwaachia watoto wao Neno, ibada, na udongo ambao mgomba hustawi ndani yake. Urithi huo wa tatu haukuandikwa katika kumbukumbu zozote, kwa sababu hakuna aliyefikiri kwamba ungeweza kupotea. Ni wajibu wa kizazi hiki kuupokeza kama ulivyopokewa.

Leo jioni, chakula kitakapokwisha, vyombo vitatu vitakuwa tayari karibu na lango la upande wa jiko. Kila mmoja, mgeni na mwenyeji, anakaribishwa kuimaliza sikukuu hii kama Bwana alivyowaagiza wanafunzi wake waimalize ile ya kwanza.

Mungu Baba, Muumba wa mbingu na nchi, aupokee usharika huu pamoja na miaka yake mia moja. Aibariki mikono iliyopika na iliyogawa, na mikono itakayookota. Amina.